Mlango wa Kushoto

Mume wangu wanamwita Milimita tangu tukiwa vijana, na jina hilo hakulipata bure. Ni fundi wa bodi za magari. Alianzia kwenye mabasi, akagonga mabati miaka kumi na minane, kisha tukafungua karakana yetu nyuma ya nyumba: yeye upande wa moto na nyundo, mimi upande wa meza na cherehani, nashona viti. Sijawahi kumwona akisamehe kosa la upana wa ukucha. Hata kitanda chetu alikipima pande zote ndipo akaniruhusu kutandika shuka. Mtu wa namna hiyo anachosha, nawaambia mimi ninayemfulia ovaroli.

Mwaka jana daktari wa meno alituletea gari la spoti la Kiitalia, la zamani, la viti viwili, lisilo na paa. Lilikuwa la marehemu mjomba wake. Kutu ilikuwa imelila mpaka ukikaa ndani unaiona ardhi kati ya miguu yako. Milimita alilizunguka akilipapasa kwa kiganja, akasema, "Hili ndilo la mwisho. Nikilimaliza, naweka nyundo chini." Nikamuuliza kulikoni. Akasema mgongo.

Sasa, gari lenye paa linashikwa na paa lake. La wazi linategemea vizingiti viwili tu, yale mapande ya chuma yanayopita chini ya milango. Ukikata vilivyooza ili uchomelee vipya, bodi inaweza kulegea katikati, na milango isifunge tena maisha. Ndiyo maana Milimita ana sharti moja: milango ibaki mahali pake, imefungwa, mpaka kipande cha mwisho kimeshika.

"Mlango ndio rula yangu," aliniambia. "Mama Pacha, usiuguse."

Nikaugusa. Magoti yangu hayapendi kuinama, na ngozi ya mlango hubandikwa vizuri ukiwa juu ya meza. Jumatano moja asubuhi, yeye akiwa bado anakunywa chai, nilifungua bawaba za mlango wa kushoto nikaubeba. Nilijiambia kwamba leo anachomelea kulia. Mtu mzima mimi, nikajitia hamnazo, nikaenda chumbani kukata ngozi.

Saa nne akaingia ameshika kiuno, anatembea upande. "Mgongo umenikamata," akasema. "Na leo ndiyo nilianza kizingiti cha kushoto."

Cha kushoto. Mlango ulikuwa mezani kwangu, hatua sita kutoka anapofanyia kazi, mwekundu kama nyanya, naye hakuutaja hata kwa neno moja. Huyu ni mtu aliyekuwa akiona uzi umening'inia kwenye kiti kutoka getini. Nikakumbuka chai aliyokuwa akimimina nje ya kikombe, na barua ya pacha wetu mmoja ambayo angeisoma "baadaye" wiki nzima. Ndipo nikajua mambo mawili kwa mpigo: mume wangu haoni, na mimi nimemharibia kazi yake ya mwisho.

Siku mbili nilimchua mgongo. Ijumaa alfajiri nikaurudisha mlango. Ulifunga vizuri, lakini hilo halikuniambia chochote, maana gari lilikuwa bado juu ya stendi. Ukweli ungejulikana siku litakapokaa kwenye magurudumu na uzito wake wote.

Miezi mitatu niliishi roho mkononi. Milango ikikataa, Milimita angeyalaumu macho yake na kuondoka kwenye ufundi ameinamisha kichwa, kwa kosa langu mimi. Mara ngapi nilifungua mdomo nimwambie, nikaishia kumuuliza kama anataka chai. Mwoga ni mwoga tu.

Jumamosi daktari akaja. Gari lilikuwa limeng'aa, na paa la turubai nililolishona limekunjwa nyuma ya viti. Milimita akalegeza jeki taratibu. Magurudumu yakagusa sakafu, springi zikalalama kidogo, gari likatulia. Akaufungua mlango wa kushoto, kisha akausukuma kwa kidole kimoja.

Ukafunga. Wa kulia nao ukafunga. Daktari akaomba funguo kwa sauti ya mtoto, akaondoka zake, shati limejaa upepo. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya sanduku la vifaa, nalia kama mwali.

"Unalia nini na kazi imekubali?" Milimita akauliza.

"Niliutoa mlango. Jumatano ile. Ulichomelea bila mlango."

"Sikuchomelea siku ile."

"Kwa hiyo mgongo ulikuwa uongo? Nimekuchua siku mbili mpaka vidole vikafa ganzi."

"Mgongo uliuma kweli. Kabla sijawasha moto niliuegemea mlango, nikajikuta sakafuni."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mzigo wa miezi mitatu ulinishuka wote pale pale kwenye lile sanduku. Kisha nikamuuliza kwa nini hakunigombeza, maana hata sindano ikihama mahali pake hunigombeza.

Akajifuta mikono kwa kitambaa, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ningekugombeza, ungeniuliza ilikuwaje sikuona kwamba haupo."

Nikasimama nikamtazama machoni, kitu ambacho nilikuwa nimekikwepa muda wote huo. Mboni zilikuwa na ukungu mweupe, sawasawa na za dada yangu kabla hajatolewa mtoto wa jicho. Dada yangu leo anachambua mchele bila miwani.

"Jumatatu tunakwenda hospitali ya macho, Baba Pacha."

"Jumatatu," akakubali, bila kubishana.

Tukafunga karakana. Kwenye ngazi akanyoosha mkono kulitafuta bega langu, akaligusa kwanza kuhakikisha lipo, ndipo akaegemea.