Kipande cha Mfupa Tulichorithi Kutoka Lindi

Babu wa baba yangu alichimba mifupa. Si ya watu. Ya dinosaria, wale wanyama wakubwa waliokufa kabla binadamu hajakuwepo, kwenye kilima kule nyuma ya Lindi, alikoajiriwa na Wajerumani. Alifukua kwa jembe, akikaribia akatumia kijiti na pumzi za mdomo. Kisha aliupaka mfupa udongo usipasuke, akaufunga kwa mianzi, akajitwika hadi bandarini. Meli ilichukua yote na hakuna hata mmoja uliorudi. Kipande kimoja, ukubwa wa ngumi, chenye kishimo cha kuingia kidole gumba, alikificha nguoni. Kwetu Mombasa, alikohamia baadaye, kikawa sheria ya nyumba: anayesafiri mbali hupewa, na lazima akirudishe.

Nami nilikuja nacho Guangzhou, Uchina, kununua vitenge. Baba alinikabidhi kwa mikono miwili, wakati huo bado anaona. Nilikiweka dirishani, chumbani kwangu mtaa wa Dengfeng, juu ya kitambaa safi.

Mwezi huu homa iliniangusha. Mwenye nyumba, mama wa Kichina mzee kuliko mamangu, alinipikia uji na kunichemshia dawa, akinishikia bakuli hadi niimalize. Nilimwombea kila dua niijuayo. Siku niliyoweza kuketi, kakangu akapiga simu.

"Dada, baba hali yake si nzuri. Chakula hataki, ataka kile kipande akishike. Rudi nacho upesi."

"Narudi wiki hii, inshallah."

Nikageukia dirisha. Kitambaa kilikuwepo, kipande hakipo.

Nilipekua chumba kama mwendawazimu. Nilipasua marobota yaliyokwishafungwa kwenda bandari ya Nansha, nikamwaga vitenge sakafuni. Nikashuka kwa mwenye nyumba, nikamwonyesha ngumi, nikamwonyesha dirisha. Akatabasamu. "Longgu," akasema, yaani mfupa wa joka. Hapa huuzwa maduka ya miti shamba, hupondwa na kuchemshwa kutuliza wagonjwa. Alidhani nimejinunulia dawa nikakosa nguvu za kuipika. Akaniletea chungu nione kazi yake.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumbusu mkono, maana nilikuwa nimepona. Nikakaa ngazini nikalia kwa sauti, naye akanipapasa mgongo, akidhani ni udhaifu wa homa.

Machicha ya dawa hakuwa ameyamwaga. Nimeyachota yote, nikanunua jasi, nikayakanda pamoja na kuyafinyanga kama ngumi. Sasa yanakauka mezani. Ukiyapima mkononi, uzito unakaribia ule wa kwanza. Tiketi yangu ni ya kesho.

Baba haoni tena, na Mungu anisamehe, hilo ndilo tumaini langu pekee. Lakini tangu utotoni gumba lake limeingia kwenye kishimo kile, na hiki nimekitoboa kwa gumba langu.