Mlinzi Hapitwi, Mchimbaji Hazuiliwi

Jumapili nilipeleka pikipiki kwa fundi wa Dilala, mtaa wa mji wetu wa migodi, nikakuta wateja wawili wanapigana vita mezani. Askari wao ni vidude vya waya wa shaba walivyosokota wenyewe, na kila kimoja kina uwezo wake. Basi mlinzi wa mmoja hapitwi na mtu, mchimbaji wa mwenzake hazuiliwi na mtu, na sasa wamekutana uso kwa uso.

"Mulinzi yangu hakuna mutu anaweza kumupita!" alifoka mzee mmoja, ambaye kazi yake ni kulinda lango la mgodi.

"Na muchimbaji yangu, tata, hakuna mutu anaweza kumuzuia," alijibu kijana mwenye vumbi la machimbo kwenye nyusi, akimwita baba kwa heshima.

Mzee akagonga meza, nusu ya jeshi ikaanguka. "Règle ni règle, kanuni ni kanuni!"

Kijana akamsogelea, akashusha sauti. "Sawa, tata. Na jana, pa mulango yako ya mugodi, mi nilipita namna gani?"

Mzee akakohoa. Akatuangalia mimi na fundi. Kisha akamshika mlinzi wake kwa vidole viwili, akamgeuza taratibu atazame ukuta.

"Pita," akasema. "Hakukuona."

Kanuni zote mbili zikabaki nzima. Hivyo ndivyo migodi yetu inavyolindwa.