Kigari na Miguu ya Binti Yangu

Kigari chetu cha kusukumia mtoto kilifika kijijini kwetu Ndama kikiwa kichwani mwa mpagazi. Hilo peke yake lingetosha kumfundisha mtu mwenye akili, lakini mume wangu alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara akishapenda kitu haulizi tena kimefikaje. Alikipata Bukoba, kwa Mdachi mmoja aliyekuwa anarudi kwao na mkewe. Wapagazi wawili walipokezana kukibeba safari nzima, maana njia ilikuwa ya miguu ya watu na kwato za ng'ombe, na magurudumu hayakuwa na pa kupita. Kilipotuliwa uani, mume wangu alikizunguka mara tatu, akakipiga teke la upole kwenye gurudumu, akasema, "Hiki, mke wangu, kitatuzika."

Na kweli kilikuwa imara, sikitukani. Fremu ya chuma, magurudumu manne yaliyovishwa mpira mnene, kiti cha ngozi chenye mkanda, na kofia ya turubai ya kukunja. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, ndiyo kwanza alikuwa anasimama kwa kushika ukuta. Alipandishwa, akakaa, akatutazama kama watu waliochelewa kazini.

Sisi tulikuwa watu wa kuja. Baba mkwe alitoka pwani na msafara, akafia Karagwe. Mimi nilizaliwa Tabora. Tuliuza chumvi, shanga na vitambaa vya merikani. Mume wangu alivaa kanzu nyeupe hata msimu wa matope, na aliamini kwamba muungwana hujulikana kwa vitu vyake. Majirani zetu, wanawake wa Kinyambo, walibeba watoto mgongoni kwa ngozi laini, wakalima nao, wakacheka nao, wakanitazama mimi nikisukuma chuma mlimani. Mmoja aliniuliza, "Mama, mgongo wako unauma?" Nikamwambia hauumi. Akaonekana kunihurumia zaidi.

Kazi tuligawana hivi: penye tambarare na watu, alisukuma yeye, penye mlima na matope, nilisukuma mimi. Anayeijua Karagwe atajua nani alisukuma zaidi. Magurudumu yalipolia tuliyapaka samli, na mbwa wa kijiji kizima wakatufuata wakilamba njia. Mvua ikikatika nilikwangua udongo mwekundu kwa kijiti kabla mwenye kanzu hajaamka. Na bado, niseme kweli, nilikipenda. Mtoto alilala humo mchana nikipepeta ulezi, alikula humo ndizi zake, na akipata homa nilimsukuma uani huku na huku mpaka akasinzia. Nilimkemea mume wangu kwa majivuno, halafu nikipita sokoni nilinyoosha shingo.

Tatizo lilikuwa njiani. Katika nchi ile, siku zile, watu wa aina mbili tu walisafiri wameketi: mkama, mtawala mwenyewe, aliyebebwa na watu wake kwenye tenga lake, na mgonjwa, aliyebebwa na ndugu zake kwenye machela. Basi watu wakituona kwa mbali waliingia migombani kutupisha. Wazee wengine walichutama wakapiga makofi ya heshima, mpaka tulipokaribia wakaona ni mtoto mwenye kamasi. Wengine walicheka, wengine hawakucheka. Mume wangu aliwaitikia kwa mkono. Binti akajifunza kwake, na alipofika miaka mitatu alikuwa anaitikia kwa mkono vizuri kuliko baba yake. Shikamoo haikumtoka mpaka nimfinye.

Nilimwambia mume wangu, "Bwana, huyu ashuke sasa. Uani anakimbia mpaka kuku wanamwogopa, nje anakaa kama sultani."

"Mwache," alinijibu. "Watu wanatutambua."

Mwaka huo alitaka kiwanja Omurushaka, pale njia ya Bukoba inapokutana na ile ya Kyerwa. Wapagazi wote walipumzika pale, na mwenye duka pale asingehitaji kumwita mteja. Ardhi ile ilikuwa mkononi mwa mkungu, mkubwa wa eneo letu kwa niaba ya mkama, aliyekaa upande wa Kiruruma. Mume wangu akaamua tuende kuomba kwa heshima zote, yaani kigari mbele, mtoto ndani, mimi nyuma na zawadi. Alitaka mkungu aone anazungumza na mtu wa namna gani.

Mkungu aliona. Tulimkuta amesimama nje ya ua wake wa matete akiagana na wageni. Yeye amesimama, watu wake wamesimama, binti yetu ameketi, tena akamwitikia kwa mkono kabla hajasalimiwa. Mkungu alikuwa mtu wa makamo, mnene kidogo, na Kiswahili chake alikipata kwa wafanyabiashara. Akauliza taratibu, "Huyu aliyekaa. Ni mkama, au ni mgonjwa?"

Mume wangu angeweza kusema ni mtoto tu. Neno hilo lilikuwepo, dogo, na halikumhitaji mtu kufikiri. Lakini alikuwa amekuja kuonekana mkubwa, na ghafla ukubwa ulikuwa kosa, akakimbilia mlango uliobaki.

"Mgonjwa, Bwana Mkungu. Ni miguu. Hajawahi kusimama."

Watu wakasikitika kwa sauti. Mkungu akabadilika uso. Tulikaribishwa ndani, tukaketi kwenye nyasi mbichi zilizotandikwa, tukapewa kahawa ya kutafuna, na mtoto akaletewa maziwa. Mkungu alikuwa na haki ya kutufukuza, badala yake akatuahidi kiwanja. "Mtu mwenye mtoto hivi asikae mbali na njia," alisema. "Mavuno yakiisha, njoo nikuonyeshe mipaka." Njia nzima ya kurudi mume wangu alimshukuru Mungu. Nilimwuliza anashukuru kwa kiwanja au kwa uongo, akasema nisichanganye mambo.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na aliyeoga ni mtoto. Kwa miezi minne hivi binti yetu alikuwa kiwete nje na mzima ndani. Mianya ya ua tuliiziba kwa matete mapya ili jirani asimwone akiruka. Na kanuni ile, nisimsingizie mtu, niliitunga mimi, kwa sababu mume wangu alimweleza kwa hotuba ndefu na mtoto hakuelewa. Mimi nilimwambia, "Ndani, tembea. Nje, kigarini." Mtoto wa umri ule huelewa kitu kifupi.

Majirani, ambao nje hawakuwahi kumwona ila kigarini, waliamini, wakamletea ndizi mbivu. Wanawake waliokuwa wakinicheka waliacha kunicheka, na hapo ndipo nilipoanza kuona haya, kwa kuwa kicheko chao nilikistahili na huruma yao sikuistahili. Asubuhi moja mpira wake wa majani makavu ya migomba ulibingirika nje ya lango. Nilimkuta kizingitini, vidole vya miguu vimeishia pale pale penye gogo, analia na hatoki. Nje hapakuwa na mtu. Nikamwambia, "Kauchukue, mwanangu."

"Miguu yangu ya nje haifai," akanijibu.

Nikaenda kuuchukua mimi. Siku ile nilipaswa kufanya jambo kubwa kuliko hilo, nami nikaokota mpira.

Mavuno yalipokwisha mkungu alituita uani kwake. Vijiti vya mipaka vilikuwa vimeshachomekwa Omurushaka. Na kwa wema wake alikuwa amemwita mfumu, mganga wa mifupa aliyesifiwa mpaka Kyerwa, amtibu mtoto wetu mbele ya watu. Mfumu alitandika ngozi katikati ya ua, akamwaga unga mweusi wa dawa kwenye kigae, akatoa kijisu kikali chenye mpini wa pembe. Akaeleza, na mkungu akatufasiria: chale saba kila goti, dawa isuguliwe ndani yake, na zirudiwe kila mwezi unapoandama mpaka mtoto asimame.

Nilimtazama mume wangu. Akaninong'oneza, "Chale haziui, mke wangu. Hata sisi tulichanjwa. Tena akisimama baada ya hapo, tumemalizana na jambo zima. Huoni lilivyokaa vizuri?"

Lilikuwa limekaa vizuri kweli, na hilo ndilo lililonitia hasira. Mfumu angepata sifa, mkungu angepata thawabu, sisi tungepata duka. Magoti ya mtoto tu ndiyo yasingepata kitu. Naye alikuwa ameshanyoosha miguu yake yote miwili kigarini, kwa utii, bila kulia, kwa sababu alijua kwamba ni mibovu. Mfumu akamshika kifundo.

"Mwache," nilisema. "Mtoto ni mzima. Tulidanganya."

Mume wangu akacheka kicheko chake cha dukani. "Mama yake ana uchungu, Bwana Mkungu. Hajui asemalo."

Mkungu aliitazama miguu ya mtoto. Alisema tu, "Kama ni mzima, atembee."

Nilirudi nyuma hatua kumi, nikachuchumaa, nikamwita. Hakujongea. Akatazama matete ya ua, akatazama lango, akatazama watu wale wote wageni. Nikamwita tena. Nikaona nyuso zinaanza kunihurumia upya, na mfumu akakiinua kijisu chake kutoka kwenye ngozi. Hapo binti akamgeukia baba yake.

"Baba, hapa ni ndani au ni nje?"

Mume wangu alikuwa na jibu la kupata kiwanja na jibu la kumpata mtoto, na alichelewa. Sitamfichia, alichelewa. Kisha akapiga magoti kwenye vumbi na kanzu yake nyeupe, akamfungua mkanda.

"Ndani, mwanangu," akasema. "Shuka."

Akashuka. Akaja moja kwa moja mpaka mikononi mwangu, wala hakuna aliyepiga kigelegele. Mkungu aligeuka akaingia nyumbani kwake, na mtu wake mmoja akatoka kwenda Omurushaka kung'oa vijiti.

Tulirudi Ndama sote watatu kwa miguu, baba yake akisukuma kigari kitupu. Mtoto alinishika kidole. Kila baada ya hatua chache alisimama, akatazama chini, akauliza, "Na hapa?" Nikamwambia hata hapa. "Na hapa?" Hata hapa. Hatukuwa tumefika nusu ya njia nikageukia migomba kufuta machozi, naye akauliza tena, "Na hapa?" Baba yake akakiacha kigari katikati ya njia, akaja akamshika mkono wa pili.

"Na hapa pia, mama," akamwambia. "Na hapa pia."