Mashine ya Stima ya Elly Oloo

Elly Oloo alizaliwa Voi, kwenye nyumba za reli, wakati baba yake bado anakaza nati za njia ile ya zamani. Chuo kikuu alikiacha mwaka wa pili, jambo lililompa nafasi ya kusoma.

Alichosoma ni kompyuta, na kilichomlisha ni chumba cha gemu mtaa wa Mwakingali: mabenchi, televisheni, na pleisteshen moja iliyofanya kazi hadi feni yake ikaanza kukohoa kama mbuzi mwenye mafua. Siku ilipokata roho, jirani mmoja, Mumo, alifungua chumba chake ng'ambo ya barabara, na pleisteshen mpya na sofa. Vijana walihama mchana mmoja. Hata yule ambaye huwa hachezi, anakuja tu kulala kwenye benchi, alienda kulala kwa Mumo.

Mwenye nyumba, Priscilla, alipita akachungulia. Hakugomba. Alisema tu kwamba chumba kitupu humwumiza macho, na kwamba kuna mtu anataka kuweka mashine ya kusaga unga pale. Angemleta Jumamosi. Akikuta mabenchi hayana watu, Oloo aanze kukunja nyaya zake.

Oloo hakutafuta pleisteshen nyingine. Alichukua kompyuta iliyostaafishwa na ofisi fulani ya Wundanyi, akaitia kadi ya picha, akaitia Linux, ule mfumo wa bure ambao yeyote anaweza kuubadilisha, akaifunga kwenye televisheni. Ukiiwasha inafunguka moja kwa moja kwenye gemu, unakaa nyuma na pad yako ya kuchezea kama binadamu. Kisha akaanza kuihubiri. Pleisteshen, alieleza kila aliyesimama kumsikiliza, ni kama gesti: kitanda kizuri, lakini huruhusiwi kukisogeza. Hii ni nyumba yako. Kikifa kipande unabadilisha kipande, pad yoyote inakubali, na ukitaka kubomoa ukuta ni wewe na nyundo yako.

Lilibaki doa moja, nalo lilikuwa pana. Vijana wa Voi wanataka mpira, na ile gemu mpya ya mpira ina askari wake, programu ya kunasa wadanganyifu. Askari huyo akiona Linux anafunga geti, hata salamu haitikii. Mumo alivuka barabara kuja kujionea, akazunguka lile boksi mara mbili.

"Oloo, umejenga kanisa safi sana," alisema. "Shida ni padri haruhusiwi kuingia."

Basi Oloo akategemea tangazo. Mtandaoni maboksi ya namna hiyo huitwa Steam Machine, kwa jina la duka moja la gemu, naye akampigia simu Danson, mchoraji wa vibao, amwandikie hivyo hivyo. Danson ni mtu wa roho nzuri. Aliona Kiingereza kitawatesa watu, akakitafsiri bila kuongeza bei: MASHINE YA STIMA. Herufi nyekundu, na kwa hisani yake akachora mwale wa radi.

Sasa kwa mtu wa Voi mashine ni moja tu, ile unayopelekea mahindi. Alhamisi asubuhi Oloo alifungua mlango akakuta akina mama watatu na ndoo zao za mahindi.

Mbele alikuwa Dinah, muuza mboga sokoni mwenye shamba huko Sagalla, ambaye wengi humwita Mama Valentine. Oloo alimweleza hapa hapasagwi chochote. Dinah akasema sawa, lakini kivuli kipo? Maana kwenye mashine ya kweli, nyuma ya soko, foleni ni ndefu na jua linachoma hadi kisogo. Foleni yenyewe haimhitaji mtu: unapanga ndoo yako nyuma ya ndoo ya mwenzako, nayo inakushikia zamu. Wakaenda wakapanga ndoo, wakarudi wakaketi.

Oloo, kwa kukosa la kufanya, akawafungulia gemu ya ukulima. Dinah akapewa pad, akaendesha trekta, akagonga ghala, akaomba msamaha kwa ghala. Alipoona mahindi yamesimama mistari kwa mistari akaweka pad chini.

"Kijana wangu, hili shamba ni la uongo. Ndovu wako wapi?"

Wenzake wakacheka hadi leso zikalegea. Shamba karibu na mbuga ya Tsavo halafu livunwe lote, kama la mfalme? Oloo alicheka pia, kisha akaitazama kompyuta yake. Kwa Mumo ungepokea shamba kama lilivyoletwa. Hapa palikuwa na nyundo. Ijumaa nzima alishinda akipekuapekua hadi akapata ndovu aliyetengenezwa na Mbrazili mmoja kwa sababu anazozijua mwenyewe, akamwingiza kwenye gemu na kumwelekeza kwenye mahindi.

Jumamosi foleni ya ndoo kule nyuma ya soko ilifika barabarani, na wenye ndoo walikuwa kwa Oloo. Priscilla alipofika na mtu wake wa mashine alikosa pa kukanyaga. Mabenchi yamejaa akina mama, na mlangoni vijana wa Mumo wamesimama wakirefusha shingo, wameacha mpira kuja kusikiliza kelele. Dinah alikuwa na pad, akirudisha trekta nyuma polepole. Mkonga ulikuwa umeshaingia mstari wa tatu.

"Nani anashinda?" Priscilla aliuliza.

"Ndovu, mama," Oloo akajibu.

Priscilla alitazama kidogo. Yeye pia ana shamba. Akamsukuma mmoja kwa nyonga, akaketi, akamwambia yule mtu wa mashine asimame pembeni, anaziba. Baadaye kidogo akamwambia atafute chumba kingine, hapa mashine ipo tayari, hajaona kibao?

Dinah alipoteza mahindi yote. Alimrudishia Oloo pad kwa heshima, akachukua leso yake kwenda kuangalia ndoo.

"Wiki ijayo, Oloo," alisema mlangoni, "ututilie nyuki. Sisi Sagalla ndovu tunamfukuza na mizinga."