Msumeno Mwekundu wa Amoni Mwaisumo

Kiwanda cha mbao cha serikali kilipouzwa kwa mtu binafsi, wafanyakazi walipewa kiinua mgongo na kuambiwa asanteni. Wengi walishuka Tukuyu wakanunua mabati. Wawili watatu walifungua vioski, maana zilikuwa zama za ruksa na kila mtu alijiona mfanyabiashara. Amoni Mwaisumo, aliyekuwa fundi wa chensoo, ile misumeno ya injini, pale kiwandani tangu ujana wake, alirudi kwake Nkunga na pikapu ya kukodi, amekaa nyuma juu ya rundo la misumeno mibovu ambayo tajiri mpya alikuwa ameitupa kwenye nyasi nyuma ya stoo.

Mkewe, Elina, alimpokea akiwa ameshika kiuno.

"Baba Tuntufye, wenzako wamerudi na mabati. Wewe hivi ni nini?"

"Misumeno, mama."

"Misumeno naiona. Na nyumba inavuja, hiyo huioni?"

Ilivuja kweli, na mvua ya Rungwe haina likizo. Lakini mtu akipenda chongo huita kengeza. Pale Elina alipoona kutu, Amoni aliona miaka yake. Ule mrefu wa kushikwa na watu wawili ndio uliokuwa ukiangusha miti ya msituni kabla hata misonobari haijapandwa. Ule wa kijani aliwahi kulala chini kando yake, kama anayeuguza mgonjwa, akiutafuta ugonjwa wake siku nzima. Na ule mwekundu ndio wa kwanza aliouvuta kamba maishani, akiwa kijana wa kibarua, mikono ikimtetemeka hadi jioni. Kuviacha vile vyuma viyeyushwe viwe sufuria aliona ni kama kumtupa mzee wa watu porini.

Basi akajenga kibanda kando ya nyumba, akaanza. Alifungua boliti moja moja, akaloweka vyuma katika mafuta ya taa, akasugua kwa msasa mpaka ngozi ya vidole ikawa laini kama ya mtoto. Ringi za pistoni alizitafuta Mbeya kwenye vyuma chakavu. Mpini uliovunjika aliuchonga upya kwa mti wa mpera. Msumeno ukipona aliupaka rangi yake ya asili, akaupandisha rafuni na kuufunika kwa kipande cha kanga. Kanga zilikuwa za Elina, naye alilisema hilo kila mara.

Jumapili baada ya ibada watu walipita kumtazama kichaa wa Nkunga. Yeye hakujali. Aliiwasha mmoja baada ya mwingine, akafumba macho, akasikiliza. Alizijua sauti zao hata akiwa mbali, jinsi mtu anavyomjua mzazi wake kwa kikohozi. Watoto walipiga makofi, wazee walitingisha vichwa, na mwisho wa maonyesho ulikuwa daima ni ule mwekundu.

"Huu," aliwaambia, "mzima kama siku ulipotoka Ulaya."

Alidanganya. Injini ilikuwa nzima, hilo ni kweli, na ililia vizuri kuliko zote. Lakini cheni ilikuwa imekatika, na aina ile ya cheni haikuuzwa tena popote. Soko huria lilileta mitumba, biskuti na redio za kila rangi. Cheni ile halikuileta. Amoni akaiunga kwa pini aliyoikata kutoka kwenye msumari, akaigonga na kuipiga tupa mpaka jicho lisione palipoungwa. Ilikuwa ya kutazamwa tu. Kila alipouwasha msumeno ule aliuacha ungurume taratibu, cheni imetulia, kisha akauzima. Siri hiyo alimwambia Elina peke yake, kwa sauti ndogo, maana fundi mzima huona haya kusema ameunga cheni kwa msumari.

Tuntufye, mwanawe wa pekee, hakuambiwa.

Na Tuntufye ndiye aliyekuwa na haja ya kujua. Malori ya mbao yalikuwa yakipanda kutoka Mbeya na hata Dar es Salaam, wafanyabiashara wakiuliza kila kijiji nani ana mikaratusi, nani ana chensoo. Vijana waliokuwa na mashine walivaa viatu vipya. Tuntufye alikuwa na mke, na mke alikuwa na mimba, na kazi aliyoipata ilikuwa ya kuchuma chai ya watu.

"Tata, niazime mmoja," aliomba. "Mmoja tu."

"Hii imeshafanya kazi yake, mwanangu. Imepumzika."

"Vyuma vizima vinakaa rafuni, mimi mzima nakaa barazani. Sasa hapo nani amepumzika?"

Tuseme ukweli, kijana alikuwa na haki. Baba angeweza kumpa ule wa kijani, uliokuwa mzima kweli, na leo tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Lakini Amoni aliona mikwaruzo kwenye ile rangi hata kabla haijatokea, akasema hapana, akasema tena hapana, mpaka mtoto akaacha kuomba.

Mke wa Tuntufye aliitwa Atupakisye, binti kutoka Ikuti, amelelewa na bibi yake. Kwa bibi yule mila ya mkamwana ilikuwa haina mjadala: mke hakutani na baba mkwe wake. Akimwona njiani anaingia migombani na kumpa mgongo. Hali naye, hasemi naye, na jina lake halitamki hata akiwa peke yake kisimani. Wengi wa rika lake walikuwa wameshaiacha, na mchungaji alishasema mbele ya madhabahu kwamba wote ni watoto wa Baba mmoja. Atupakisye aliishika vilevile, akakaa benchi la nyuma kabisa kanisani ili asimwone mkwewe hata kisogo. Amoni naye aliyatunza ya upande wake: kila alipokaribia uani alikohoa kwanza, ili binti apate kumpisha.

Tena alijivunia. "Mkamwana wangu," aliwaambia wenzake vilabuni, "sijui hata ana sauti gani." Wakampongeza kwa kupata mtoto mwenye adabu.

Siku yenyewe Elina alikuwa ameshuka sokoni Tukuyu na mikungu ya ndizi. Amoni alikuwa migombani nyuma ya nyumba akiondoa majani makavu. Tuntufye, aliyekwisha kupatana na mwenye lori juu ya mikaratusi ya bondeni, aliingia kibandani na kuchagua. Alichagua kama ambavyo yeyote angechagua: alichukua ule ambao baba yake mwenyewe kila Jumapili aliusifu kuliko yote. Akautia begani akateremka.

Atupakisye alimwona akitoka. Na Atupakisye alijua, kwa sababu siku moja wakimenya ndizi Elina alikuwa amemwambia, kwa kumcheka mumewe, habari ya msumari. Alimwita Tuntufye; Tuntufye alipunga mkono bila kugeuka, akidhani anakatazwa kuiba. Ndipo akatoka mbio kutafuta mtu wa kumpelekea mkwewe habari. Kwa jirani yao Veronika ni kule juu, mwendo wa kupandisha, na yeye na mimba yake. Veronika aliposikia aliacha jembe, akaja akipiga kelele tangu mbali.

Lakini kabla kelele hazijafika, Amoni aliisikia injini.

Aliitambua mara moja. Na jambo ambalo hakuweza kujisamehe baadaye ni hili, kwamba kitu cha kwanza kilichomjia moyoni kilikuwa furaha. Hakuwa amewahi kuusikia msumeno ule ukifunguliwa wote, ukiingia kwenye mti, tangu ujana wake. Ulikuwa unaimba. Alisimama na majani makavu mikononi akausikiliza kwa pumzi chache, fahari imemjaa, ndipo akakumbuka msumari. Alitupa majani, akakimbia. Hakufika nusu ya mteremko. Mlio wa kukata ulikoma ghafla, ukabaki mlio wa injini tupu, mwepesi, usio na mti ndani yake.

Cheni ilikuwa imekatika na kumrudia kijana shingoni. Walimbeba kwa lori la yule mwenye mbao, baba amemshika kichwa mapajani, na kabla hawajafika lami Tuntufye alikuwa ameshakwenda.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Msibani Amoni aliwaambia watu wote habari ya cheni, kwa sauti, akiwa amesimama mvuani bila kofia. Alitaka wamlaani. Wakamwambia, pole, ni mipango ya Mungu. Mbele ya mzee aliyefiwa na mwana wa pekee nani angesema lingine? Lakini maneno ya watu lazima yapate pa kutua, na yakatua kwa mkamwana. Alijua. Alimwona akienda. Akapanda mlima kwa Veronika wakati mkwewe yuko hatua chache nyuma ya nyumba. Kwa nini alizunguka? Wale wale waliosifu adabu yake ndio waliouliza, na hawakuona haya.

Atupakisye aliacha kula mezani na wenzake, kisha akaacha kula kabisa isipokuwa Elina amsimamie. Ikaja habari kwamba kaka zake wanakuja kutoka Ikuti kumchukua, yeye na mtoto aliye tumboni.

Habari ikamfikia Amoni. Mtoto yule ndiye pekee aliyebaki wa Tuntufye. Na zaidi ya mtoto, hakuweza kuvumilia binti wa watu aondoke akiwa amebeba kosa lake yeye. Asubuhi ile kaka za binti walipotarajiwa, Amoni alivuka ua. Hakukohoa. Alisukuma mlango wa nyumba ya mwanawe, akaingia.

Atupakisye alikuwa akifunga nguo zake katika shuka. Alipomwona aliruka, akajifunika kichwa kwa kitenge na kugeukia ukutani. Amoni akakaa chini kwenye kigoda.

"Mwanangu," alisema, "adabu ile imetosha. Geuka."

Hakugeuka.

"Mimi ndiye niliyeunga ile cheni. Mimi ndiye niliyemnyima ule mzima. Wewe ulikwenda kuita mtu, ulifanya kama ulivyofundishwa, na mimi ndiye niliyekusifia mafundisho hayo kwa watu. Usiondoke na mzigo huu, ni wangu. Kaa hapa. Mtoto azaliwe kwao."

Mabega ya binti yalikuwa yakitikisika chini ya kitenge. Nje Elina alisikika akiwakaribisha wageni. Kaka za Atupakisye walikuwa wamefika. Amoni akashika ukuta ili ainuke.

"Sikwenda kwa Veronika kwanza."

Sauti ilikuwa nene kidogo, ya mtu mwenye mafua. Amoni alibaki ameinama, mkono ukutani.

"Nilikuja kwako. Niliingia migombani mpaka nyuma yako. Ningenyoosha mkono ningekushika shati. Ulikuwa unapiga mluzi." Akapangusa uso kwa kitenge, bado anautazama ukuta. "Nilifungua mdomo nikuite. Nikaona sina jina la kukuita."