Kijani Kilichowahi Mno

Wenzake wodini walimbandika jina Hakikisha, naye hakukasirika. Enzi za programu ya zamani, yenye kioo cha kijivu na herufi zilizobanana, muuguzi huyu hakuiamini hata kidogo. Kila alipoagiza damu kwa kompyuta, alinyanyua simu kuwauliza maabara, "Jamani, agizo mmelipata?" Wenzake walimtania kwamba hata siku ya harusi yake alimpigia bwana harusi kuuliza kama kweli ameolewa.

Kisha programu ikavalishwa nguo mpya. Ndani ilikuwa ile ile, ila kioo kiling'aa, na ukibonyeza "Agiza", alama ya kijani ilichanua taratibu pamoja na neno "Tayari". Moyo ulitulia. Kidogo kidogo akaacha kupiga simu.

Asubuhi moja aliletwa fundi cherehani, mzee anayetapika damu, binti yake kamshika mkono. Hakikisha akabonyeza. Kijani. "Damu inakuja, baba."

Wakangoja. Alipoingiwa na wasiwasi akapiga simu, na maabara wakashangaa: agizo gani? Mtandao ulikuwa umekatika. Damu ilipoletwa mbio mbio, mzee alikuwa keshakata roho.

"Dada," binti akamwuliza, "si ulisema inakuja?"

Hakikisha akamfunika mzee shuka.

Uchunguzi haukumtia hatiani, lakini usingizi ulimpaa. Siku chache baadaye akaja msichana aliyebuni kile kioo, akaketi kando yake.

"Ulipoona kijani, mama, ulielewa nini?"

"Kwamba maabara wamelipata agizo."

Msichana akainamisha kichwa. "Mimi nilimaanisha umebonyeza, basi. Sikutaka mhangaike."

"Mwanangu, kuhangaika ndiyo kazi yetu."

Wakakibuni upya pamoja. Sasa agizo likitumwa, alama hubaki ya njano pamoja na neno "Bado". Kijani hakiji mpaka mtu wa maabara athibitishe kwa mkono wake. Wauguzi wengine walinung'unika kwamba programu imekuwa nzito, ingawa kasi yake haikupungua hata chembe. Hakikisha aliwaacha wanung'unike.

Jumapili akaenda kwa yule binti wa fundi cherehani, akamweleza yote akiwa amesimama mlangoni: mtandao, ile alama, na kwamba yeye mwenyewe aliiamini. Binti alisikiliza mpaka mwisho, macho chini.

"Asante kwa kuja," akasema.

Hakumkaribisha ndani. Hakikisha hakuona ajabu. Akaaga, akashuka ngazi polepole.