Mchumba Wangu Alifuta Maelezo Niliyoandika, Lawama Nikabebeshwa Mimi

Admin, nifichie jina, na la ofisi usiliguse kabisa, maana Iringa ni ndogo na wenye hili jambo wanapita humu kila siku.

Mimi ni dada wa miaka 29, kwetu ni Rujewa, nafanya kazi Iringa mjini kwenye ofisi inayokodisha ukumbi wa sherehe. Nimechumbiwa. Mchumba wangu ni mtu wa Mbeya, tuko naye ofisi moja, na upande wa kompyuta yeye ndiye mkubwa wangu. Labda kosa la kwanza lilikuwa hapo.

Bosi alituletea msaidizi wa AI, hiyo akili mnemba, awajibu wateja kwa meseji na kupanga kalenda ya ukumbi. Msaidizi huyo anapewa vitendea kazi: cha kuandika shughuli mpya, cha kubadilisha tarehe, cha kufuta. Hajui kila kimoja ni cha nini mpaka asome maelezo yake, na kuandika hayo maelezo ilikuwa kazi yangu. Niliandika kama mama alivyokuwa akinituma mashineni kukoboa mpunga: fanya hivi, hivi usifanye, ukikuta hivi rudi uniulize. Kwenye cha kubadilisha tarehe niliandika: "Tumia pale tu mwenye shughuli mwenyewe amekubali tarehe mpya. Kama siku imeshachukuliwa na mtu mwingine, usimwondoe, muulize karani. Ukibadilisha, mteja hapati taarifa yoyote, kwa hiyo ajulishwe kwanza."

Mchumba wangu akasoma, akacheka. "Sasa haya ni maelezo au barua ya kwenda kwa shangazi? Mashine ina akili kuliko mimi na wewe, itaelewa." Kesho yake bosi alikuwa anakuja kukagua, na yeye alitaka ionekane ya kitaalamu. Akafuta yote, akabakiza, "Hubadilisha tarehe ya shughuli."

Nikamwambia, "Hapo hujamwambia aulize mtu."

"Bibie, usinifundishe kazi."

Nikamwachia. Nilimpenda, na niseme ukweli, nilikuwa namwogopa kidogo.

Haikupita miezi miwili. Mteja mmoja mzito akaomba Jumamosi iliyokuwa na send-off ya binti wa Igowole. Msaidizi akaona siku imejaa, akaona ana kitendea kazi cha kubadilisha tarehe, akaihamishia send-off Alhamisi ya wiki iliyofuata, Jumamosi akampa yule mzito. Hakumwambia mtu. Simlaumu, alifanya alichoandikiwa. Na sisi tulikuwa tumeshaacha kuikagua kalenda, si mashine ina akili bwana!

Jumamosi hiyo ilipofika, zamu ilikuwa yangu. Mama wa binti akashuka na kina mama wenzake na vitenge vyao vya sare, masufuria ya pilau yako nyuma ya pickup, akakuta bango la watu wengine mlangoni. Binti akabaki ndani ya gari na gauni lake, analia. Yule mama hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, si wewe ulonipokea siku ile? Si ulisema ukumbi wetu?" Nilikosa pa kuuweka uso wangu. Walienda kulia chakula chao uani kwa ndugu yao, na mvua ikawakuta hukohuko.

Jumatatu tukaitwa kikaoni. Bosi akauliza, "Nani aliandika maelezo ya huyu msaidizi?" Nikamtazama mchumba wangu. Alikuwa anachezea simu. Bila kuinua uso akasema, "Maelezo huwa anaandika huyu dada."

Huyu dada! Mtu ambaye barua yake ya posa iko kabatini kwa mama yangu. Nikasimamishwa kazi palepale, nikaambiwa nijieleze kwa maandishi kufikia Ijumaa.

Jioni akaja kwangu na chipsi kuku. "Nikifukuzwa mimi hiyo ndoa itakuwaje? Wewe utapata kazi nyingine. Nistiri, mke wangu." Kikaoni nilikuwa huyu dada, mlangoni kwangu nimeshakuwa mke. Sikuzigusa hizo chipsi.

Maandishi yangu ya mwanzo ninayo, na mfumo unaonyesha jina la aliyeyafuta na saa aliyoyafuta. Nikiyapeleka Ijumaa, anaondoka yeye, na uchumba unaondoka naye. Nisipoyapeleka, mjini hapa nitabaki kuwa yule dada aliyeharibu send-off ya mtoto wa watu, halafu niolewe na anayejua kwamba si mimi. Nina uchungu jamani. Mashine haikunijua, yeye alinijua.

Wazee wake wanatoka Mbeya Jumamosi hii kuja kwetu kumalizia mazungumzo. Leo mama kapiga simu, furaha tupu. "Wageni wangapi, nipeleke mpunga mashineni?" Nikamwambia asubiri kidogo. Akauliza, "Nisubiri nini tena, mwanangu?" Nikasingizia mtandao, nikakata.

Ndugu zangu, gunia liko mlangoni kwa mama, naye anangoja simu yangu. Nishaurini, nimwambie akoboe au arudishe mpunga ndani?